Kila hatua iko sawa, lakini mzigo umeondoka bure: jinsi ya kuhakiki mtiririko wa kazi kwenye huduma za wavuti

Naomba tukae kidogo na jambo ambalo vijana wengi wanaojifunza kutengeneza tovuti huwa wanalipita juu juu. Mtu anatengeneza duka la mtandaoni, anabonyeza "nunua", analipa, oda inatokea kwenye seva, basi anafunga kompyuta na kusema kazi imekwisha. "Nimejaribu, inafanya kazi." Mimi nina swali moja tu: umejaribu kama mteja mwaminifu, au umejaribu kama mwizi?

Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kafe na dakika zinakaribia kuisha, isevu kwenye flashi ukaisome nyumbani. Nimeipanga kwa vichwa ili ukitaka kurudia sehemu fulani usipate taabu.

1. KISA CHENYEWE: MAREKANI, MWAKA 2011

Mwezi Mei 2011, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa IEEE huko California, watafiti wanne walitoa ripoti ambayo kila mwenye duka la mtandaoni anapaswa kuijua. Walikuwa Rui Wang na XiaoFeng Wang wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na Shuo Chen na Shaz Qadeer wa Microsoft Research. Walichunguza maduka ambayo hayapokei pesa yenyewe bali yanamtumia keshia wa nje: PayPal, Amazon Payments au Google Checkout (hii ya mwisho ilifungwa mwaka 2013). Kati ya programu za duka walizochambua kulikuwa na NopCommerce, ambayo ni ya bure, na Interspire, ambayo ilikuwa ya kulipia. Baadaye wakaangalia na maduka halisi yaliyokuwa yakifanya biashara.

Walikuta njia kadhaa za kuondoka na bidhaa bila kulipa, au kwa kulipa bei unayojipangia mwenyewe. Waliwataarifu wahusika ili matundu yazibwe. Hizi hapa nne kati ya walizozieleza:

a) Kubadili kiasi. Duka la NopCommerce lilipotumia PayPal Standard, ujumbe wa "mtoze mteja huyu kiasi hiki kwa oda hii" ulipita kwenye brauza ya mteja kabla ya kufika PayPal. Mteja mjanja anachakachua kiasi, analipa kidogo. Duka linathibitisha kwa PayPal kwamba oda hiyo imelipiwa, linajibiwa ndiyo, linaandika IMELIPWA. Halikulinganisha kiasi kilicholipwa na bei ya oda.

b) Kujilipa mwenyewe. Kwa Amazon Simple Pay (huduma ya wakati ule), mteja aliweza kufungua akaunti yake ya muuzaji, akabadili jina la mpokeaji, akajilipa yeye mwenyewe. Duka likapata ujumbe wenye saini halali ya Amazon kwamba malipo yamefanyika. Kweli yamefanyika! Ila hayakwenda kwa duka.

c) Kubadilisha oda. Kwa Interspire na PayPal Express, mteja anafungua oda mbili, moja ya bei ndogo na moja ya bei kubwa. Analipia ile ndogo, halafu mwishoni anaweka namba ya ile kubwa. Duka linakamilisha ile kubwa.

d) Kuongeza vitu kikapuni baada ya bei kuhesabiwa. Kwa Interspire na Google Checkout, kiasi cha kulipa kilihesabiwa mteja alipobonyeza kitufe cha kulipa, lakini oda ikaja kuandikwa baadaye kutokana na vitu vilivyomo kikapuni wakati huo. Katikati hapo mteja anatupia vitu vingine.

Angalieni jambo moja wadau. Hakuna nywila iliyoibiwa. Hakuna aliyevunja seva ya mtu. Seva ya duka ilifanya kile ilichoandikiwa, na ya keshia vile vile. Hatua zilifuatana kama zilivyochorwa kwenye karatasi: oda, malipo, uthibitisho, kutuma mzigo. Kilichokosewa ni DATA iliyokuwa ikisafiri kutoka hatua moja kwenda nyingine: kiasi gani, cha oda ipi, kwa nani, na kwa wakati gani.

2. MANENO YA KUYAJUA KWANZA

Huduma ya wavuti: programu iliyoko kwenye seva ambayo programu nyingine inaitumia kwa kutumiana ujumbe kupitia intaneti. Keshia wa nje ni huduma ya wavuti. Duka nalo lina huduma yake ya kupokea majibu ya keshia.

Mtiririko wa kazi: mpangilio wa hatua kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na njia panda zake. "Kama imelipwa, tuma. Kama haijalipwa, subiri."

Mtiririko unaotegemea data: pale ambapo njia ya kufuata inaamuliwa na thamani zilizomo kwenye ujumbe au kwenye hifadhidata, kama vile bei, namba ya oda, jina la mpokeaji na idadi iliyobaki stoo. Kwa kweli mitiririko mingi ya biashara iko hivyo.

Uhakiki wa kihisabati: kuandika mfumo kwa lugha ya hisabati, kuandika sharti ambalo halitakiwi kuvunjika kamwe, halafu kuiachia kompyuta itafute kama kuna njia YOYOTE ya kulivunja. Ikiikuta, inakuonyesha hatua kwa hatua. Isipoikuta baada ya kupitia zote, unapata uhakika ambao kubonyeza bonyeza peke yake hakuwezi kukupa.

Modeli: picha ndogo ya mfumo, iliyoachiwa yale tu yanayohusika na swali lako. Rangi ya kitufe haimo.

Hali: jinsi mambo yote yalivyo kwa wakati mmoja. Oda hii mpya, ile imelipwa, daftari la keshia lina malipo mawili, basi hiyo ni hali moja.

3. KWA NINI KUJARIBU HAKUTOSHI

Hebu tupige hesabu. Chukua wateja wawili, kila mmoja ana hatua tano za kununua. Seva inawahudumia kwa pamoja, kwa hiyo hatua zao zinaweza kupishana kwa namna mbalimbali: huyu moja, yule mbili, huyu tena... Idadi ya namna za kupishana ni 252. Ongeza mteja wa tatu mwenye hatua tano. Sasa ni 756,756. Na hapo hatujagusa data kabisa.

Ukija kwenye data, kiasi cha pesa kinachohifadhiwa kwa biti 32 kinaweza kuwa na thamani zaidi ya bilioni 4. Ujumbe mmoja wenye kiasi, namba ya oda na mpokeaji una michanganyiko ambayo huwezi kuijaribu yote hata ukikaa kafe maisha yako yote.

Tatizo lingine ni la kibinadamu. Anayejaribu mfumo mara nyingi ni yule yule aliyeutengeneza, na kichwani mwake mteja analipa bei iliyoandikwa. Haimjii kwamba mtu anaweza kulipia kofia akadai simu. Kompyuta haina adabu hiyo, ukiiambia mteja anaweza kutuma chochote, itajaribu chochote.

4. HATUA YA KWANZA YA HISTORIA: KUHAKIKI HATUA TUPU

Watu hawakuanza jana. Mwaka 1962 Mjerumani Carl Adam Petri aliandika tasnifu iliyozaa michoro tunayoiita neti za Petri. Ni vituo, mishale, na vijiti vidogo vinavyohama kutoka kituo hadi kituo kuonyesha kazi imefika wapi. Miaka ya 1990 Wil van der Aalst wa Uholanzi alizitumia kwa mitiririko ya kazi za ofisini akaweka masharti ya mtiririko mzima: popote ulipofika uwe bado unaweza kumaliza, ukimaliza pasibaki kazi inayoning'inia, na pasiwe na hatua ambayo haiwezi kufikiwa kamwe.

Upande mwingine, Amir Pnueli alileta mantiki ya wakati kwenye kompyuta mwaka 1977, yaani namna ya kuandika kwa hisabati maneno kama "daima", "hatimaye" na "mpaka". Miaka ya mwanzo ya 1980, Edmund Clarke na Allen Emerson huko Marekani, na Joseph Sifakis huko Ufaransa, wakagundua jinsi kompyuta inavyoweza kupitia hali zote za modeli na kuangalia kama sharti la namna hiyo linatimia. Huo unaitwa ukaguzi wa modeli, na mwaka 2007 watatu hao walipewa tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ni kama Nobel.

Huduma za wavuti zilipoanza kushamiri, kampuni za IBM, Microsoft na BEA zilitoa mwaka 2002 lugha ya kuunganisha huduma hizo iitwayo BPEL, na toleo lake la 2.0 likawa kiwango rasmi cha OASIS mwaka 2007. Watafiti wakaichangamkia. Kwa mfano mwaka 2004 Xiang Fu, Tevfik Bultan na Jianwen Su wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walionyesha jinsi ya kutafsiri mitiririko ya BPEL, pamoja na data iliyomo kwenye ujumbe, kuwa modeli inayokaguliwa na chombo kiitwacho Spin.

Sasa basi, kwa nini data isisahauliwe? Tuseme unaiacha, kama njia nyingi za mwanzo zilivyofanya. Ile njia panda ya "kama imelipwa" inakuwa bahati nasibu: modeli inasema mfumo unaweza kwenda kulia au kushoto, basi. Hapo utapata shida mbili. Kwanza kengele za uongo: chombo kinakuambia mzigo unaweza kutumwa bila malipo, kumbe kwa data halisi njia hiyo haipo. Pili, na hii ndiyo mbaya zaidi, makosa ya kweli yanajificha. Ukiwa na "malipo" tu bila namba ya oda wala kiasi, malipo ya kofia na malipo ya simu ni kitu kimoja. Mchoro unasema malipo yalitangulia, mzigo ukafuata, kila kitu safi. Matundu yote manne ya mwaka 2011 yangepita hapo yakipunga mkono.

5. KUINGIZA DATA: KASHESHE LAKE NA NJIA ZAKE

Ukiiingiza data, unakutana na ukuta. Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba kuna maswali kuhusu programu ambayo hakuna njia moja ya kimashine inayoweza kuyajibu kwa programu zote. Mtiririko wenye hifadhidata isiyo na kikomo unaingia kwenye kundi hilo kirahisi sana. Ndiyo kusema hakuna chombo kitakachokuja kuhakiki kila mtiririko duniani. Kilichobaki ni kukubali masharti fulani ili upate jibu la uhakika. Njia kuu ni hizi:

Kubana lugha. Mwaka 2004 Alin Deutsch, Liying Sui na Victor Vianu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichukua huduma za wavuti zinazoendeshwa na hifadhidata wakaonyesha kwamba kwa ujumla swali halina jibu la kimashine, lakini ukiweka vizuizi fulani kwenye namna kanuni zinavyoandikwa (kwa maneno mepesi: kanuni izungumzie vitu ambavyo mtumiaji ameviingiza, isizunguke hifadhidata nzima hovyo) basi linajibika. Mwaka 2005 chombo chao WAVE kilionyeshwa kikikagua tovuti za mfano kwa muda wa sekunde.

Kuangalia uhusiano badala ya namba. Duka halijali kama bei ni 4,999 au 5,001. Linajali kama kilicholipwa ni sawa na bei, pungufu, au zaidi. Thamani bilioni nne zinageuka kuwa matukio matatu. Huu ni ujanja mkubwa sana, ushikeni.

Kutumia alama. Badala ya kujaribu thamani moja moja, chombo kinashika "kiasi x" bila kukijua, kinakusanya masharti njiani (x si sawa na bei, oda ipo, saini halali) kisha kinauliza programu ya kutatua masharti: je, kuna x yoyote inayofaa? Z3 ya Microsoft Research ni mojawapo ya programu hizo. Wale watafiti wa 2011 nao walichukua sehemu ya mantiki ya Interspire wakaipitisha kwenye chombo cha uhakiki kiitwacho Poirot ili kuupima ugumu wake.

Kupunguza idadi. Unachukua oda mbili, wateja wawili, bei mbili, unapitia kila kitu kinachowezekana ndani ya duara hilo dogo. Hii haithibitishi lolote kwa oda elfu. Ila makosa mengi ya mantiki huwa yanajitokeza hata kwenye mifano midogo. Tunduizi lile la kubadilisha oda linahitaji oda mbili tu.

6. TUFANYE MFANO MMOJA MPAKA MWISHO

Tuna duka lenye oda mbili: K (kofia, bei 1) na S (simu, bei 5). Keshia ana daftari. Kila mstari wa daftari una vitu vitatu: oda, kiasi, mpokeaji. Mpokeaji anaweza kuwa DUKA au MTEJA mwenyewe. Kwa kuwa ujumbe unapita kwenye brauza ya mteja, tunamruhusu kuandika chochote. Oda 2, viasi 2, wapokeaji 2: ni aina 8 tu za malipo. Daftari, kama seti ya aina hizo, lina sura 256. Kila oda inaweza kuwa MPYA, IMELIPWA au IMETUMWA, kwa hiyo oda mbili zina sura 9. Zidisha: 2,304. Kwa kompyuta hizo ni njugu.

Sharti letu, ambalo ndilo roho ya kazi nzima, tunaliandika kwa mtindo ule ule wa ripoti ya 2011: duka liandike oda IMELIPWA pale tu ambapo (i) bidhaa ni ya duka hilo, (ii) kuna malipo kweli kutoka kwa mteja kwenda kwa duka HILO, (iii) malipo hayo ni ya oda HIYO na yanatumika mara MOJA, na (iv) kiasi ni sawa na bei.

Sasa tunaanza na duka la mwanafunzi, ambalo linauliza swali moja: "Malipo yapo daftarini?" Tunaendesha chombo.

Jibu la kwanza: sharti limevunjika. Mteja anafungua K na S, analipia K kiasi 1, anapeleka uthibitisho akitaja S. Duka linaona malipo yapo, S inakuwa IMELIPWA. Tunaongeza ukaguzi: oda iliyomo daftarini ilingane.

Jibu la pili: limevunjika tena. Mteja anapeleka kwa keshia (S, 1, DUKA). Oda inalingana, kiasi hakijaangaliwa. Tunaongeza: kiasi kiwe sawa na bei.

Jibu la tatu: (S, 5, MTEJA). Oda sawa, kiasi sawa, pesa imerudi mfukoni kwa mteja. Tunaongeza: mpokeaji awe DUKA.

Jibu la nne: ujumbe wa uthibitisho unafika mara mbili, labda mtandao ulikatika keshia akarudia kuutuma, au mteja kaurudia makusudi. Duka linatuma simu mbili kwa malipo mamoja. Tunaongeza: malipo yaliyokwisha kutumika yasikubalike tena, na kuangalia pamoja na kuandika vifanyike kama tendo moja lisilokatika katikati. Ukiviacha viwe matendo mawili, ujumbe mbili zikifika kwa pamoja zote zitakuta "bado halijatumika".

Jibu la tano linakuja tukiongeza hatua ya "weka kitu kikapuni". Mteja analipa 5, oda inakuwa IMELIPWA, kabla ya mzigo kufungwa anaongeza kofia. Tunaongeza: oda ikishaanza kulipiwa, kikapu kinafungwa, na kinachotumwa ni kile kilichofungwa.

Tunaendesha mara ya sita. Chombo kinapitia hali zote, kinasema hakuna kosa. Mnaona wenyewe, kila tundu tulilolikuta lilikuwa swali ambalo duka lilisahau kuliuliza kuhusu data. Mpangilio wa hatua haukubadilika hata mara moja.

Na msisahau sharti la upande wa pili, la kumlinda mteja: kila aliyelipa kiasi sahihi kwa duka hili kwa oda hii, HATIMAYE oda yake iwe IMELIPWA. Hapo ndipo mantiki ya wakati inapotumika. Ukiandika sharti la kwanza peke yake, duka linalokataa kila mtu litapita mtihani kwa alama mia!

7. VYOMBO UNAVYOWEZA KUANZA NAVYO

TLA+ ya Leslie Lamport (tuzo ya Turing ya mwaka 2013). Ni ya bure, inahitaji Java. Unaandika hali na hatua kwa hisabati ya sekondari: seti, "na", "au", "kwa kila". Wahandisi wa Amazon Web Services walianza kuitumia mwaka 2011, na mwaka 2015 walieleza kwenye jarida la ACM jinsi ilivyofichua makosa mazito. Moja, kwenye DynamoDB, lilihitaji hatua 35 mfululizo ili kujitokeza. Jiulize ni mjaribu gani angebahatisha hatua 35!

Spin ya Gerard Holzmann, iliyozaliwa Bell Labs. Ya bure pia. Ni nzuri kwa pande nyingi zinazotumiana ujumbe, kama brauza, duka na keshia. Inahitaji kompaila ya lugha ya C.

Alloy ya Daniel Jackson wa MIT. Ya bure, Java tena. Inakuchorea picha ya kosa, kwa hiyo inafaa sana kwa anayeanza. Falsafa yake ndiyo ile ya mifano midogo.

Vyote vitatu haviogopi kompyuta ya kawaida mradi modeli yako iwe ndogo. Kosa la wanaoanza ni kutaka kuandika duka zima. Andika malipo tu.

8. MIPAKA YAKE, TUSIDANGANYANE

Kwanza, unachohakiki ni modeli. Kodi yenyewe inaweza kuwa imeandikwa tofauti. Kwenye kisa kile kile cha 2011, watafiti walikuta kasoro kwenye kodi ambayo Amazon iliwapa wauzaji ya kukagua saini: haikuhakikisha kwamba cheti kinachotumika kukagulia kimetoka kwa Amazon kweli. Modeli inayosema "saini imekaguliwa" isingeliona hilo. Amazon ililazimika kutoa kodi mpya.

Pili, chombo kinajibu ulichouliza. Ukisahau kuandika kuhusu mpokeaji, hakitakukumbusha.

Tatu, hali zinalipuka. Kila data unayoongeza inazidisha idadi, haijumlishi. Kuna siku chombo kitakula kumbukumbu yote ya mashine na kufa. Ndiyo maana kuchagua nini kiachwe nje ya modeli ni nusu ya kazi.

Nne, "hakuna kosa kwa oda mbili" hakumaanishi "hakuna kosa kwa oda elfu", isipokuwa uwe na hoja ya kihisabati inayoziba pengo hilo.

9. NA SISI HUKU?

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo kijana anayetengeneza tovuti ya kuuza chochote Afrika Mashariki mara nyingi anaunganisha malipo ya simu. Mteja anaweka namba ya siri kwenye simu yake, kisha seva ya mtandao wa simu inapeleka jibu kwenye seva ya duka. Sura ni ile ile ya keshia wa nje: pande tatu, ujumbe unaosafiri, na mtu wa katikati asiyeaminika.

Tena sisi tunalijua tatizo hili hata bila kompyuta. Wote tumesikia habari za meseji feki za "umepokea" anazoonyeshwa muuza duka. Muuzaji makini haangalii kama meseji ipo. Anaangalia imetoka kwa nani kweli, kiasi gani, jina la nani, na salio lake limepanda au la. Hicho ndicho anachofanya muuzaji makini kwa kichwa, na ndicho seva yako inatakiwa kufanya kwa kodi.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mteja wako tovuti, kaa na maswali haya sita:

- Jibu la malipo limetoka kwa mtandao wa simu kweli, au mtu yeyote anayejua anwani ya seva yangu anaweza kulituma?
- Ni la oda hii hii?
- Kiasi ni sawa na bei niliyoihifadhi MIMI kwenye seva, siyo ile iliyotoka kwenye brauza?
- Mpokeaji ni mimi?
- Likija mara mbili, au mbili zikifika kwa pamoja, nini kinatokea?
- Lisipokuja kabisa na mteja keshakatwa pesa, nani atagundua na vipi?

Ukiweza kuyajibu kwa maneno, umefika nusu. Ukiweza kuyaandika kwa TLA+ au Alloy na chombo kikakosa njia ya kukuumbua, umefika mbali kuliko watengenezaji wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Na anayeumia ukikosea si wewe: ni mama aliyekupa kazi ya tovuti ya vitenge, anashangaa stoo inapungua na pesa haionekani.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuandika modeli ya malipo atupe uzoefu hapo chini kwenye maoni, na anayeona jibu la sita nililosahau kwenye mfano wa kofia na simu aliweke wazi tulijadili. Matusi hapana, hoja karibu.